Kumvika Liti: Maleba, Nguo na Historia katika Mkoa wa Singida

Katika taaluma ya sanaa za maonyesho, neno maleba hujumuisha mavazi, kofia na mapambo yote anayovaa mwigizaji jukwaani. Aghalabu husemwa kuwa maleba humtambulisha mhusika: umri wake, cheo chake na jamii yake. Dhima nyingine haitajwi sana, nayo ni kuonyesha wakati. Vazi likikosewa, mtazamaji hupewa historia ambayo haikuwapo.

Masimulizi ya Wanyaturu wa Singida yanamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye husimuliwa kuwa aliwatumia nyuki kama silaha. Je, fundi wa maleba anayetaka kumleta Liti jukwaani amvike nini? Jibu jepesi ni kaniki, kwani vikundi vingi vya ngoma na maigizo vimeizoea kama alama ya asili.

Hata hivyo, kaniki ilifika bara kama bidhaa. Ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili, iliyoletwa hasa kutoka India. Mwenzake, merikani, alienea zaidi baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, na jina lake bado linataja alikotoka. Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, katika eneo la Manyoni ya leo. Njiani, hongo na chakula vililipiwa kwa nguo hizo na kwa shanga.

Vazi la zamani la mwanamke wa Kinyaturu lilikuwa ngozi iliyolainishwa na kupambwa kwa shanga. Shanga za kioo nazo zilitoka ng'ambo, lakini mpangilio wake ulikuwa kazi ya mikono ya wenyeji.

Fundi anahitaji pia kuijua nili. Nguo hutoka chomboni ikiwa na ukijani, hugeuka buluu ipatapo hewa, na huchovywa mara nyingi hadi ikaribie weusi. Kitambaa cheusi cha kiwandani hakichujuki namna hiyo.

Hivyo basi, ngozi yenye shanga, pamoja na kipande cha kaniki iliyopauka begani, vingemfaa Liti. Ngozi peke yake ingemtoa katika biashara ya zama zake. Kaniki peke yake ingeficha ufundi wa wanawake wa Kinyaturu.