Uwiano wa mtu na nafasi katika picha

Uwiano wa mtu na nafasi ni mpangilio wa picha ambamo mwili wa mtu na eneo linalomzunguka hutegemeana. Eneo hilo laweza kuwa ukuta, anga, maji, barabara au chumba chenye vyombo. Uwiano huu si usawa wa vipimo. Mtu anaweza kushika sehemu ndogo ya fremu na bado akaitawala, kwa kuwa jicho la mtazamaji hukimbilia sura ya binadamu popote ilipo.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko picha ya mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, aliyoipiga Arnold Newman jijini New York mwaka 1946. Stravinsky yuko kwenye kona ya chini kushoto, kichwa amekiegemeza mkononi. Sehemu kubwa ya picha imeshikwa na mfuniko wa piano uliofunguliwa: umbo jeusi, limenyooka upande mmoja na kupinda upande mwingine, mbele ya ukuta wa rangi hafifu. Umbo hilo linafanana na alama ya muziki inayoshusha noti kwa nusu toni, hivyo nafasi yenyewe inataja kazi ya mtu huyu. Ukiuziba mfuniko kwa kiganja, anabaki mwanamume aliyesukumwa pembeni bila sababu. Ukimziba yeye, linabaki umbo zuri lisilo na mwenyewe. Jarida la Harper's Bazaar lililoagiza picha hiyo liliikataa. Leo ni miongoni mwa picha za watu zinazojulikana zaidi za karne ya 20.

Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alikuwa amekwenda mbali zaidi mjini Hyères, Ufaransa, mwaka 1932. Ngazi za mzunguko zimejaa mbele, na mwendesha baiskeli anapita juu kushoto, mdogo na mwenye ukungu wa mwendo. Mtu huyo mdogo ndiye anayezipa ngazi maana.

Kanuni ya theluthi, inayogawa fremu katika sehemu tatu, ambayo John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia uchoraji wa mandhari, humfaa anayeanza, lakini isigeuzwe sheria. Stravinsky wa Newman haifuati. La kuzingatia zaidi ni mwelekeo. Mtu anayetazama au kutembea kulia kwa kawaida huachiwa nafasi kulia, na akibanwa kwenye ukingo anaoutazama, picha huleta wasiwasi. Wakati mwingine wasiwasi huo ndio unaotakiwa.

Lenzi nayo hubadili uzito wa nafasi. Ili mtu abaki na ukubwa uleule katika fremu, lenzi ya milimita 28 hukulazimu umsogelee, na mlima ulio nyuma yake huonekana mdogo; ya milimita 85 hukurudisha nyuma, na mlima hukua.

Kosa linaloonekana mno ni kuweka uso katikati kabisa ya fremu, juu kukabaki nafasi isiyosema kitu na miguu ikakatwa vifundoni. Lingine ni mstari wa upeo wa macho kupita shingoni.

Anayejifunza apige picha ya karibu, kisha arudi nyuma apige nyingine yenye nafasi ya ziada, anayoweza kuikata baadaye. Hata Newman hakuumaliza mpangilio wake ndani ya kamera: negativu ya Stravinsky ilikuwa na eneo kubwa zaidi, naye akaikata baadaye.