Silaha na Seruji za Wapanda Farasi wa Kwanza wa Kiislamu



Mwaka 1989, katika mwezi wa Maulidi, wanafunzi wa madrasa yetu waliigiza Vita vya Badri mbele ya wazee wao. Mimi ndiye niliyewatayarisha. (Hakuna aliyejifanya Mtume, s.a.w., wala Sahaba yeyote kwa jina lake. Waliigiza majeshi tu.) Farasi hatukuwa nao, kwani katika pwani yetu farasi ni mnyama wa kutajwa zaidi kuliko wa kuonekana. Basi watoto walipanda makuti, wakatimua vumbi mpaka kina mama wakafunika nyuso. Lakini panga walikuwa nazo. Nilizichonga mwenyewe kwa mbao za masanduku, na kila moja nikaipinda mfano wa mwezi mchanga, kwa kuwa ndivyo nilivyoziona katika picha tangu udogo wangu. Watu walifurahi, nami nikafurahi, na picha ikapigwa.

Mwaka jana mmoja katika watoto wale aliniandikia barua. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, anafanya kazi katika mabanda ya farasi huko nchi za Ghuba. Waajiri wake walikuwa wakitayarisha maonyesho ya Vita vya Yarmuk, wapanda farasi 40 uwanjani, na yeye akapewa kazi ya kuchagua zana za kuigizia: seruji, panga, deraya na kofia za chuma. Wauzaji walikwisha kumletea picha za bidhaa zao pamoja na bei. Akaniuliza: "Maalim, nichukue zipi? Wewe ndiye uliyenipa upanga wangu wa kwanza."

Maneno yale yalinichoma. Nilifungua vitabu siku tatu ndipo nikamjibu, na niliyomjibu nakueleza na wewe, msomaji. Nyumba zetu leo zimejaa filamu na tamthilia za vita vya Waislamu, na watoto wetu huyajua mavazi ya waigizaji kabla ya kuijua tarehe yenyewe.

Sisi tuliosoma chuoni tumezoea kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Basi na kitu nacho kina isnadi yake. Muuzaji akikuambia, "Huu ni upanga wa Kiislamu wa zamani," mwulize ni zamani gani hiyo. Tangu Badri, mwaka wa 2 Hijriya (624), mpaka dola ya Mamaluki wa Misri ilipoanguka mwaka 1517, ni karibu miaka 900. Katika miaka hiyo farasi hawakubadilika sana, lakini kila kilichokuwa juu ya mgongo wa farasi kilibadilika. Na Yarmuk ilipiganwa mwaka wa 15 Hijriya, yaani 636, katika ukhalifa wa Sayyidna Omar. Hicho ndicho kipimo nilichompa: kisichoweza kuwapo mwaka 636 kisitiwe uwanjani.

Tuanze na upanga. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakitofautisha kwa lugha yao wenyewe: upanga wa feleji ni ule ulionyooka wenye makali pande mbili, na kitara ni kile kilichopinda. Masahaba walipigana kwa panga zilizonyooka. Ukenda Istanbul katika jumba la Topkapi utaona panga zinazonasibishwa na Mtume (s.a.w.) na baadhi ya Masahaba wake, na vyembe vyake vimenyooka. Lakini tahadhari hapo! Vipini vile vya dhahabu na vito vilitiwa baadaye na Masultani wa Kituruki kwa kuzitukuza, na mafundi wengi wa leo wanaotengeneza mifano huiga vipini vile vile. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba watu waliozifungua nchi zile hawakupamba panga zao kwa dhahabu wala fedha. Mapambo yao yalikuwa ngozi mbichi, risasi na chuma. Ni kweli pia kwamba imepokewa kuwa kitako cha mpini wa upanga wa Mtume kilikuwa cha fedha, lakini huo ni upanga mmoja, nasi tulikuwa tukichagulia jeshi zima.

Kitara kilikuja na Waturuki kutoka nyika za Asia ya Kati. Khalifa al-Mu'tasim aliwakusanya askari wa Kituruki kwa wingi, na mwaka 836 akajenga mji wa Samarra kwa ajili yao. Kimoja katika vitara vya kale kabisa vinavyojulikana katika nchi za Kiislamu kilifukuliwa Nishapur, Iran, na kinakisiwa kuwa cha karne ya 9. Yaani ni miaka 200 na zaidi baada ya Badri. Na hata baada ya hapo upanga ulionyooka haukutoka upesi. Uliishi pamoja na kitara karne nyingi. Picha nilizoziona mimi udogoni zilichorwa na watu waliowaona Waturuki wa zama zao, wakawavisha Masahaba silaha za Waturuki hao.

Utaniuliza: na Dhulfikari je, si ulikuwa na ncha mbili? Upanga ule ulipatikana katika ngawira za Badri, na jina lake wanachuoni wa lugha hulirudisha kwenye pingili za uti wa mgongo, kwa vijishimo au vibonde vilivyokuwa katika chembe chake. Ncha mbili ni michoro ya watu wa nyuma. Ilienea mno katika bendera za Waturuki, na filamu ya The Message ya mwaka 1976 ikaieneza zaidi kuliko bendera zote. Filamu ile ina mengi mazuri, lakini kwa hili sichukui ushahidi wake.

Tena upanga ulivaliwaje? Hapa naipenda sana hadithi ya Anas bin Malik. Watu wa Madina walishtuka usiku kwa sauti, wakatoka kwenda kutazama, wakamkuta Mtume (s.a.w.) amekwisha kutangulia na sasa anarudi, amepanda farasi wa Abu Talha asiye na seruji, na upanga umening'inia shingoni mwake. Wengi huisoma kwa ajili ya ushujaa wake Mtume, na ni haki. Lakini mwenye kutafuta zana atapata humo mambo mawili. Upanga ulikuwa ukiangikwa kwa ukanda unaopita begani, si kwa mshipi mnene wa kiunoni wenye bizimu kubwa kama wanavyovaa waigizaji. Na kupanda farasi mtupu halikuwa jambo la ajabu kwa watu wale.

Hilo la pili ndilo linalotuleta kwenye rikabu, yaani vikuku vya kutilia miguu, na juu ya hilo nilikaa siku mbili katika zile tatu. Muuzaji alikuwa amemletea mwanafunzi wangu vikuku vya chuma vipana kama sinia, vyenye nakshi. Vizuri kwa kweli, lakini ni vya Kituruki na vya Maghribi, vya karne nyingi baadaye. Sasa mwaka 636 walikuwa na nini? Imepokewa kwamba Sayyidna Omar aliwaandikia askari wake waliokuwa Azerbaijan akiwaamrisha mambo kadhaa ili wasizoee raha za Waajemi, na katika hayo ni kuwa waache rikabu na waruke juu ya farasi kwa mruko. Ipime habari hiyo, msomaji. Mtu haambiwi aache asichokuwa nacho, basi rikabu zilikuwa zimekwisha kujulikana. Na wala hakuamrishwa kuruka asiyejua kuruka, basi kuruka kulikuwa ndiyo ada yao. Na al-Mubarrad, katika kitabu chake al-Kamil, anasimulia kwamba rikabu za watu zamani zilikuwa za mbao, zikivunjika mtu anapozitegemea katika kupiga, mpaka al-Muhallab bin Abi Sufra akaamrisha zifuliwe za chuma, na yeye ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Al-Muhallab alikuwa akipigana na Makhawarij wa Azariqa, miaka 40 na zaidi baada ya Yarmuk.

Kwa hiyo nilimjibu: chuma usichukue. Waachie wanaoweza wapande bila rikabu, na wengine wape za mbao, ndogo, zilizoning'inizwa kwa ngozi isiyo na pambo.

Akanirudishia jawabu kwamba wapandaji wake wengi ni vijana, na kuwa mbao ikivunjika katika mbio mtu atavunjika naye. Sikuwa na ubishi hapo. Nafsi ya mtu haiwekwi rehani kwa ajili ya maonyesho. Nikamwambia fundi atie utepe wa chuma ndani ya mbao mahali pasipoonekana, lakini mtangazaji aseme wazi kabla ya kuanza kwamba jambo hilo limefanywa kwa usalama. Ni kama mpokezi anayesema, "Neno hili ni langu, si la hadithi." Vivyo hivyo kwa panga: ziwe za chuma kizuri kisichokatika mpinini, lakini makali yatolewe na ncha zifanywe butu. Panga zile za kupamba ukuta zisipigishwe kabisa, kwani hukatika shingoni na kipande kikaruka usoni mwa mtu.

Juu ya deraya sitasema mengi, ila watu hukosea kwa idadi kuliko kwa sura. Makureishi walipokwenda Uhud mwaka wa 3 Hijriya walikuwa wamejitayarisha mwaka mzima, na ni matajiri. Na jeshi lao la watu 3,000 lilikuwa na deraya 700 na farasi 200. Upande wetu wa Badri walikuwa watu 300 na kidogo, na farasi wawili, mmoja wao wa al-Miqdad. (Laiti ningalijua hayo mwaka 1989, ningalipunguza makuti!) Deraya ilikuwa mali. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alifariki na deraya yake iko rehani kwa pishi 30 za shayiri. Basi katika wapanda farasi 40, nilimwambia, wavae 15 na waliobaki wavae nguo zao na ngao za ngozi. Na hizo 15 ziwe za chuma, kila kipete kimefungwa kwa kijisumari chake. Zile nyepesi za bati jeupe, ambazo vipete vyake vimekunjwa tu vikakutana, huachia kwa mvuto mdogo, na juani hung'ara kama sufuria mpya.

Kofia za chuma alizoletewa zilikuwa na mwiba utosini. Hizo ni za Iran na India za karne za mwisho. Wasimulizi wa Uhud wanatupa picha nyingine. Pete mbili za mighfari zilizama shavuni mwa Mtume, na Abu Ubaida bin al-Jarrah akazitoa kwa meno yake, meno yake ya mbele yakang'oka. Basi mighfari ilikuwa na pete za chuma zilizoshuka karibu na uso.

Waajiri wake walikuwa na hila nyingine. Walitaka zana hizo hizo ziwatumikie mwaka unaofuata katika kuonyesha Vita vya Hittin vya Salahuddin. Lakini Hittin ni mwaka 583 Hijriya (1187), miaka 551 baada ya Yarmuk! Wakati huo Usama bin Munqidh, wa ukoo wa mabwana wa Shaizar, aliyepigana mara nyingi na Wafaransa wa Msalaba, anaeleza vazi lake la vita: kwa nje ni nguo, na ndani yake mna deraya ya Kifaransa ndefu, juu yake deraya nyingine inayofika kiunoni, pamoja na sufu iliyoshindiliwa, hariri ghafi na manyoya ya sungura. Mtu aliyevaa hivyo ungemwona mbali ukadhani amevaa kanzu nene tu. Na wakati huo rikabu za chuma ni haki yao. Nikamwambia: vile vikuku vya chuma, kama mtapata vyembamba visivyo na nakshi, viwekeni kwa Hittin.

Limebaki la farasi mwenyewe. Seruji ikiwa ni sahihi kwa tarehe lakini yamkwaruza mgongo, itupwe, itafutwe nyingine. Na lijamu iwe ile ambayo kinywa cha farasi huyo kimezoea, japo tarehe itakasirika. Mnyama hakutaka kuigiza vita vya mtu yeyote, na hasemi akiumizwa.

Mwezi uliopita niliandikiwa tena. Panga zilizonyooka zilikubaliwa. Rikabu za mbao zilikubaliwa, na vijana saba wamejifunza kuruka juu ya farasi bila chochote, baada ya kuanguka siku nyingi mchangani. Kofia za miiba zilikuwa zimekwisha kulipiwa, na wenye mali hawakukubali zirudishwe. Basi amezikata miiba na kuzifunga vilemba juu, na mtangazaji amelitaja.

Picha ya mwaka 1989 ingali ukutani katika madrasa. Nimeiteremsha juzi, nikaandika chini yake kwa wino: "Panga hizi zilipindwa na mwalimu, za watu wa Badri zilikuwa zimenyooka." Kisha nikairudisha mahali pake.