Ada ya kadi ya mkopo

Ada ya kadi ya mkopo ni kiasi cha fedha ambacho muuzaji hukatwa kila mteja anapolipa kwa kadi ya mkopo. Ni sababu kuu inayofanya baadhi ya maduka na migahawa kukataa kadi hizo au kuzipokea kwa masharti.

Mgawanyo wa ada

Sehemu kubwa ya makato kwa kawaida huenda kwa benki iliyotoa kadi. Sehemu nyingine huchukuliwa na benki ya muuzaji na mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Benki nyingi hutumia mapato hayo kuwapa wenye kadi zawadi, kwa mfano pointi za tiketi za ndege. Kwa hiyo kadi yenye zawadi nyingi mara nyingi humgharimu muuzaji zaidi.

Sababu za wauzaji kusita

* Faida ndogo: duka la vyakula likibaki na faida ya dola 3 katika mauzo ya dola 100, ada ya asilimia 2 huondoa theluthi mbili za faida hiyo.
* Ada isiyobadilika: mara nyingi kuna senti kadhaa zinazokatwa katika kila malipo, hata mteja akinunua kikombe kimoja cha kahawa. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2010 inamruhusu muuzaji kuweka kiwango cha chini cha ununuzi kwa kadi ya mkopo, kisichozidi dola 10.
* Malipo kubatilishwa: mwenye kadi akilalamika kwa benki yake, muuzaji anaweza kupoteza fedha na bidhaa pia.
* Kuchelewa: fedha taslimu hupatikana papo hapo, lakini za kadi huweza kuchukua siku kadhaa.

Muuzaji akiamua kupandisha bei ili kufidia ada, ongezeko humfikia pia mteja anayelipa taslimu, ambaye hapati zawadi yoyote.

Migogoro na udhibiti

Mwaka 1991 wenye migahawa mjini Boston, Marekani, waliigomea American Express kwa sababu ya ada zake. Mwaka 2016 Walmart iliacha kupokea Visa katika baadhi ya maduka yake nchini Kanada. Pande hizo zilipatana Januari 2017.

Tangu Desemba 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi na asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya na Tanzania wauzaji wengi wadogo hawana mashine ya kadi. Hupokea taslimu au malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Hata hivyo malipo ya simu nayo yana makato yake.

Tazama pia

* Benki
* M-Pesa