Fahamu: Maneno mawili yanayoweza kukupeleka jela Urusi

"Nyet voyne", yaani "Hapana vita". Ni maneno mawili tu, lakini Urusi yanaweza kukuponza.

Februari 24, 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Siku 8 baadaye, Rais Vladimir Putin alisaini sheria ya kuadhibu "taarifa za uongo" kuhusu jeshi: kifungo hadi miaka 15.

Waandamanaji wakabuni mbinu. Wengine waliandika nyota badala ya herufi, wengine wakashika karatasi tupu. Nao pia wakakamatwa.

Msanii Aleksandra Skochilenko alibadilisha vikaratasi 5 vya bei kwenye supamaketi mjini St Petersburg, akaweka ujumbe wa kupinga vita. Novemba 2023 akafungwa miaka 7. Alitoka Agosti 2024, Urusi ilipobadilishana wafungwa na nchi za Magharibi.