Reli ya Bungoma na Ukimya wa Gati za Nyanza

Kwa mtu wa Kibomet, Kitale, safari ya gari isiyo na haraka kando ya maji, ya kusimama kila mji wenye gati, kula samaki na kuendelea, maana yake ni Mombasa, Kilifi na Malindi. Kwa kuwa huko ni mbali, wengi huishia kuipanga tu. Lakini ipo pwani ya karibu zaidi, na sehemu ya maji yake hutoka nyumbani. Mto Nzoia hukusanya vijito vya Cherangani na Mlima Elgon, ukapita Webuye na Mumias, ukaingia Ziwa Victoria kule Budalang'i, jirani na Port Victoria. Kuanzia Sio Port hadi Muhuru Bay mpakani na Tanzania, barabara inakutana na bandari moja baada ya nyingine: Port Victoria, Usenge, Asembo Bay, Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Karungu. Wanaozisifu husifu utulivu wake, kana kwamba ziliumbwa zikiwa kimya. Sivyo. Miji hii ilijengwa kwa ajili ya pilikapilika za meli, na ukimya wake ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa nchi kavu. Uamuzi mkubwa kuliko yote unawahusu watu wa Kitale na Bungoma moja kwa moja, kwa sababu ndio uliowaletea reli.

Tuanze na Port Victoria, bandari iliyokuwa kubwa kwenye karatasi. Kapteni Macdonald alipopima njia ya reli kutoka Mombasa mwaka 1891 na 1892, mwisho wa reli uliwekwa huko, kwenye ghuba ya Berkeley. Baadaye wahandisi wakagundua njia fupi zaidi ya kushukia ghuba ya Winam, na bahati ikahamia Kisumu. Reli ilipofika hapo Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Port Victoria ikabaki na jina la malkia bila garimoshi. Samaki walikuwa wale wale na upepo ule ule. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani, na mstari huo ulitosha kuamua mji upi utajengwa magodauni na upi utaendelea kuvua.

Kisumu nayo ilipata zamu yake. Meli ya kwanza ya mvuke ya kampuni ya reli ziwani, William Mackinnon, ililetwa ikiwa vipande kutoka Uingereza na kuzinduliwa mwaka 1900. Sehemu ya safari ya vipande hivyo ilikuwa juu ya mabega ya wapagazi, kwa sababu reli yenyewe ilikuwa bado njiani. Kabla ya 1908 zikaongezeka Winifred, Sybil na Clement Hill. Pamba ya Uganda ndiyo iliyozilisha meli hizo. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi ya Busoga kutoka Namasagali hadi Jinja, ili mazao ya eneo la Ziwa Kyoga yafike ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa takriban miongo miwili, aliyetaka kuingiza au kutoa mzigo mkubwa Uganda alipitia Kisumu. Gati ndogo za Kendu Bay na Homa Bay zikala makombo ya karamu hiyo: simsim, ngozi, karanga, na maduka ya Wahindi yaliyopangwa karibu na maji, kwa kuwa mteja na bidhaa wote walishukia hapo.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana kwenye marobota. Robota moja la pamba lilipakiwa kwenye behewa Namasagali, likashushwa Jinja, likabebwa hadi melini, likavuka ziwa, likashushwa Kisumu na kupakiwa tena kwenye behewa la kwenda Mombasa. Kila hatua ilikuwa na wachukuzi wake, ada yake na siku zake za kungoja. Kwa hiyo waliodai reli ya moja kwa moja hadi Uganda walikuwa na sababu nzuri. Swali ni kwa nini reli hiyo haikuendelezwa kutoka Kisumu. Badala yake ilichepuka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikateremka Eldoret, ikapita Bungoma na Malaba hadi Tororo. Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Kitale ilikuwa imeshapata tawi lake tangu 1926, na Kisumu ikaongezewa kipande cha kwenda Butere, ambacho hakikuvuka mpaka wowote.

Mtetezi wa njia ile atasema gharama za kushusha na kupakia zinaeleza kila kitu. Zinaeleza kwa nini reli ilihitajika, hazielezi kwa nini ipande mlima mrefu namna ile. Jibu la hilo linasomeka kwenye ardhi iliyopitiwa: mashamba ya walowezi ya Uasin Gishu, na ya Trans Nzoia kupitia tawi la Kitale, yaliyohitaji kusafirisha mahindi na ngano kwa nauli nafuu. Wakosoaji walilisema hilo waziwazi enzi zile zile. Mahindi ya Kitale yalipata behewa, na pamba ya Uganda ikaacha kupanda meli. Bungoma ikakua kutoka kituo cha reli hadi mji wa biashara, na gati la Kisumu likapoteza mteja wake mkubwa.

Hapo msomaji makini atapinga, na ana haki. Kama reli iliua bandari mwaka 1931, mbona miaka ya 1960 ilikuwa ya neema ziwani? Meli ya Victoria iliunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ikabeba abiria hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Katikati ya muongo huo zikaja Umoja na Uhuru, meli za kubeba mabehewa. Sitaha zake zimetandazwa reli. Injini husukuma mabehewa taratibu kupitia daraja la chuma linaloinuliwa na kushushwa kufuata kina cha maji, yakafungwa minyororo, na upande wa pili injini nyingine ikayavuta hadi nchi kavu bila gunia hata moja kuguswa. Teknolojia hiyo ilikuwa nzuri kweli, na inathibitisha hoja badala ya kuivunja. Ziwa lilirudishiwa kazi kwa sharti la kugeuka kipande cha reli, kiungo kati ya Kisumu na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, kiungo kilikatika. Meli ziligawanywa kati ya nchi tatu, kila moja ikiwa na karakana na bajeti yake.

Magugu maji yalikuja kumalizia. Miaka ya 1990 yalitanda ghuba ya Winam hadi boti zikashindwa kufika gati za Kisumu na Homa Bay, mpaka fukusi wa kuyala walipoletwa na upepo nao ukasaidia. Watu wa juu tusijitoe katika lawama: udongo na mbolea vinavyosombwa na Nzoia kutoka mashambani ni sehemu ya chakula cha magugu ya ziwa hili. Huo nao ni mzigo unaofika Budalang'i kila masika, na hautozwi nauli.

Kwa gati ndogo, hata hivyo, pigo la mwisho lilikuwa barabara, na hapa ndipo hoja inapokuwa ngumu kuitetea, kwa sababu barabara imeleta mengi mema. Mjamzito wa Karungu hangoji meli, na omena inafika Kitale siku moja baada ya kuanuliwa. Sangara, au mbuta kama wanavyomwita huko, hakuhitaji gati kabisa. Lori la barafu humfuata ufukweni kokote mtumbwi unakotia nanga. Hayo yote ni kweli. Lakini barabara zilijengwa kana kwamba maji ni kizuizi tu. Mbita ni mfano wa kutazamwa kwa macho. Mwaka 1983 mlango wa maji kati ya kisiwa cha Rusinga na bara ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yapite. Mitumbwi ikalazimika kuzunguka kisiwa, na wavuvi wakalalamika kwamba maji yameduwaa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya daraja kujengwa na mkondo kuachiwa upite tena.

Lipo pingamizi jingine, la kisiasa. Bandari hizi zilikuwa mifereji ya mkoloni ya kunyonya pamba na ngozi, kwa hiyo kuzisikitikia ni kumlilia mkoloni. Pingamizi hilo linasahau kwamba watu wa ziwa walikuwa wakivuka na kuuziana vitu kwa mitumbwi karne nyingi kabla ya Winifred. Mkoloni alikuta usafiri, akauongezea injini, kisha akauelekeza mbali. Kilichodumu kutoka kwake ni tabia ya kuamua mambo ya ziwa kwa kutazama milima, na serikali zilizofuata zimeirithi bila kuona haya.

Kisumu sasa inafufuliwa. Bandari yake na reli ya kuiunganisha na Nakuru zilikarabatiwa kuanzia 2019, Uhuru ikarudi majini, na lipo gati la mafuta lililojengwa ili meli zipeleke petroli na dizeli Uganda. Ni hatua njema, ila imefuata mantiki ile ile ya 1901: mji mmoja wenye reli, na mingine yote watazamaji. Anayetaka kuona jinsi hali ingeweza kuwa tofauti ashuke Luanda Kotieno, ng'ambo ya Mbita, ambako feri bado inabeba magari, ng'ombe na wanafunzi kila siku. Imedumu kwa sababu moja tu: kuzunguka ghuba yote kupitia Kisumu na Homa Bay ni mwendo wa saa nyingi, na lami haijaweza kushindana na mvuko wa takriban saa moja. Kwa msafiri wa kutoka Bungoma, busara ni kwenda kwa barabara kupitia Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, kisha kurudi kwa feri hiyo. Afike Mbita mapema, kwa sababu nafasi za magari ni chache na malori ya samaki nayo yanazitaka.