Mti Kama Mtaji: Historia ya Biashara Ndogo za Lubugo Nchini Uganda

Lubugo ni kitambaa kinachotengenezwa kwa gome la ndani la mti wa mutuba. Katika Buganda kilikuwa vazi, tandiko, sanda na alama ya mamlaka. Ustadi wake ni mkongwe kuliko ufumaji, nao umerithishwa hasa katika ukoo wa Ngonge, ambao mafundi wake huongozwa na Kaboggoza, fundi mkuu. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao chini ya banda lililo wazi, ili lisikauke upesi. Shina hufungwa majani ya mgomba, nalo huota gome jipya. Hivyo mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi bila kukatwa. Mtaji wa biashara hii, kwa maneno mengine, ni mti ulio hai.

Pigo la kwanza lilitoka pwani. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilifikisha nguo za pamba katika ikulu ya Kabaka, merikani ikiwamo. Mwanzoni mwa karne ya 20, pamba yenyewe ikawa zao la biashara mashambani. Lubugo kikaacha kuwa vazi la kila siku, lakini kikabaki katika mazishi, matambiko na sherehe za kutawazwa. Soko hilo la heshima ndilo lililowaweka mafundi kazini wakati soko la mavazi lilipowaponyoka.

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ustadi huu kuwa urithi wa ubinadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi. Sasa lubugo hushonwa mikoba, mapambo na mavazi ya mitindo. Hata hivyo, sifa haioteshi gome. Kwa desturi mituba ilipandwa mipakani na kati ya migomba na mibuni, ikiipa kivuli. Shamba linapogawanywa na mti kukatwa kuwa kuni, fundi hupoteza mtaji uliochukua miaka kukua, na mkopo wa miezi michache hauwezi kuurejesha.

Funzo kwa watunga sera ni la mpangilio. Maonyesho na masoko ya nje yana faida, lakini yakitangulia miti, huongeza mahitaji yasiyo na malighafi. Miche ya mutuba, pamoja na mapatano ya kudumu baina ya fundi na mwenye shamba, ndiyo yanayopaswa kutangulia.