Michikichi na Maua ya Noeli: Historia ya Pambo la Fizi na Baraka

Msonobari hauoti Baraka. Mji huu wa eneo la Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, katika joto linalopendwa na michikichi na mihogo. Hata hivyo, Desemba ikifika, milango ya makanisa ya Fizi huvikwa kijani. Matawi ya mchikichi hukunjwa yakawa tao, migomba michanga husimamishwa huku na huku, na maua yaliyochumwa uani hufungwa katikati. Pambo hilo lina historia ndefu kuliko taa za rangi zinazouzwa madukani siku hizi, nayo inastahili kusimuliwa.

Ukristo ulifika hapa kwa mitumbwi. Msafara wa kwanza wa wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe uliondoka pwani mwaka 1878, ukaingia Ujiji Januari 1879. Mwaka uliofuata wakavuka ziwa na kuanzisha misheni Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakafungua nyingine Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Zilikuwa nyakati ngumu. Wafanyabiashara wa watumwa kutoka Ujiji, Rumaliza akiwa mkubwa wao, walikuwa wakivamia vijiji vya ukingo wa magharibi. Kijiji cha Wakristo wa Kibanga kilikusanya watu waliokombolewa, wengi wao watoto, waliotenganishwa na ndugu zao. Misheni ilidumu miaka kumi tu. Magonjwa yaliwashinda wakazi wake, na mwaka 1893 ikahamishiwa kusini, upande wa Moba.

Noeli za kwanza za nchi hii, basi, zilisherehekewa na watu waliokuwa wametoka tu katika minyororo. Kila mzigo uliotoka Zanzibar ulibebwa kichwani au begani kwa miezi kadhaa, na mizigo hiyo ilikuwa vitambaa, shanga, dawa na baruti. Ni vigumu kuamini kwamba mpagazi aliajiriwa kubeba mapambo ya sikukuu. Aliyetaka kupamba altare aligeukia kilichoota mbele ya mlango wake.

Wala wamisionari hao hawakuja na mti. Mti wa Noeli ulikuwa desturi ya Wajerumani, na kwa muda mrefu ulishikwa zaidi na Waprotestanti. Maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanataja misonobari iliyowekwa vyumbani na kutundikwa tufaha, kaki, sukari na mawaridi ya karatasi. Hilo la mawaridi lisipite hivihivi: tangu mwanzo mti huo uliombwa uchanue wakati wa baridi, bustani zikiwa zimelala, na kwa kuwa maua hai hayakupatikana, watu wakayatengeneza. Wakatoliki wengi walibaki na pango, ile taswira ya zizi la Bethlehemu ambayo Fransisko wa Asizi aliionyesha Greccio mwaka 1223. Hata uwanja wa Mtakatifu Petro kule Roma haukusimamishwa mti wa Noeli hadi mwaka 1982, enzi za Papa Yohane Paulo wa Pili. Ndiyo maana katika parokia nyingi za Kongo pango ndilo moyo wa pambo, na pango huhitaji nyasi, majani na maua kuliko linavyohitaji msonobari.

Upande wa Waprotestanti, Wapentekoste kutoka Sweden walianza kazi Uvira mwaka 1921. Kutokana na kazi hiyo lilikua kanisa ambalo leo linajulikana kama CEPAC, ndilo lenye hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege kule Bukavu. Wanorwe nao walifika Kivu miaka hiyohiyo. Watu hawa walitoka kwenye nchi za misonobari ya kweli, lakini kwao pia pambo la zamani lilitoka shambani. Waswidi husuka nyota na mbuzi kwa mabua makavu ya nafaka, na Wanorwe huweka mganda wa shayiri nje ili ndege nao wale siku ya Noeli. Mkulima wa Fizi anayetundika masuke ya mtama na maganda ya mahindi ukutani hajaiga mtu. Yeye na mkulima wa Sweden wametumia mabaki ya mavuno, kila mmoja kwake.

Kisha ukaja mwaka 1964. Wamisionari Waxaveri kutoka Italia walikuwa wamefika Kivu mwaka 1958, na baadhi yao walihudumu Baraka na Fizi. Uasi wa Simba dhidi ya serikali ulipoenea, walikataa kuwaacha waamini wao. Novemba 28, 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara waliuawa Baraka. Siku hiyohiyo, huko Fizi, wakauawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Huyu wa mwisho alikuwa mtoto wa ziwa hili, aliyezaliwa na Agnes Atakaye na Kapteni Joubert, askari Mfaransa aliyepigana na wauza watumwa. Noeli ya mwaka ule ilifika siku 27 baadaye, na altare za Baraka na Fizi hazikuwa na padre wa kuzisimamia. Agosti 18, 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne wenye heri katika ibada iliyofanyika Uvira.

Vita havikuishia hapo. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alikaa na waasi katika milima ya Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba, huku jeshi la serikali likisaidiwa na mamluki kuiteka tena Baraka. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP katika milima hiyohiyo, na sehemu kubwa ya eneo ikaishi kwa miaka mingi mbali na mkono wa Kinshasa.

Kinshasa yenyewe iliigusa Noeli kwa namna nyingine. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu. Mwaka 1974 serikali yake ikaifuta Desemba 25 kwenye orodha ya sikukuu za taifa, ikawa siku ya kazi. Makanisa yaliendelea na ibada zake. Hapa ndipo thamani ya pambo la nyumbani inapoonekana wazi: halikuhitaji kibali cha forodha, halikuhitaji fedha za kigeni, na hakuna ofisa aliyeweza kumuuliza mwanamke kwa nini amekata maua ya uani kwake.

Miaka ya vita vya 1996 na 1998 iliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi, wengi wakaishia kambi za Nyarugusu na Lugufu mkoani Kigoma. Waliobaki waliona mabaya. Kuanzia Desemba 30, 1998, katikati ya Noeli na Bonane, mamia ya raia waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, na hukumbukwa kila mwaka. Kwa familia hizo wiki ya maua ya sikukuu ni wiki ya maua ya makaburini pia, na mwandishi yeyote anayesifu mapambo ya Fizi hana haki ya kulinyamazia hilo. Kuanzia mwaka 2005 meli za wakimbizi waliokuwa wakirejea zilitia nanga Baraka. Walikuta nyumba zimebomoka, lakini michikichi mingi ilikuwa imesimama.

Leo mapambo ya plastiki yanavuka kutoka Kigoma pamoja na sabuni na ndoo. Yanang'aa msimu mmoja au miwili, kisha huishia kwenye mfereji na hatimaye ziwani. Mbadala wake upo, lakini unadai kupanga mapema. Desemba ni katikati ya masika ya Kivu Kusini: ua lililochumwa wiki ya Noeli huoza kabla halijakauka. Anayetaka maua makavu lazima ayachume kiangazi, Juni hadi Agosti, asubuhi umande ukishakauka, kabla hayajafunguka kabisa. Yafungwe vifundo vidogo na kuning'inizwa vichwa chini, kivulini penye hewa, wiki mbili au tatu. Jua kali hula rangi. Baada ya hapo yakae mahali pakavu, kama mahindi ya mbegu yanavyotunzwa juu ya meko.

Bugenvilia ndiyo ya kwanza kufikiriwa, maana majani yake ya rangi ni membamba kama karatasi na hukauka bila kupoteza umbo. Maua mekundu yenye kilemba cha jogoo hudumu miezi. Huko juu, katika mbuga za mlimani kama zile za Itombwe, huota maua ya jamii ya helikrisamu ambayo vijani vyake vinavyofanana na petali ni vikavu hata yakiwa hai. Hayo yaachwe porini, kwani Itombwe ni hifadhi tangu 2006, na bustani inatosha. Maua makavu ya bustani yakichanganywa na masuke ya mtama na pamba iliyopasuka, tawi la mchikichi hugeuka mti kamili. Tahadhari moja tu: maua makavu hushika moto haraka, basi mshumaa uwe mbali.

Bado wako wazee wa Baraka, Mboko na Fizi waliopamba makanisa kabla ya 1964. Vijana wa kwaya na mashirika ya parokia wawaendee sasa na daftari, wawaulize ni maua gani yalipandwa, nani aliyasuka na mikono ya nani ilifunga tao la mlango. Na kiangazi kijacho wapande na kukausha yao.